Mwanafunzi Mkimbiaji na Nauli ya Kurudi

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka. Imechapishwa hapa kwa ombi la wanachama.



Tumeagizwa na Kamati tuseme nanyi juu ya jambo moja ambalo halimo katika hesabu za mwaka mlizosomewa asubuhi, lakini litaingia humo mkilikubali. Karani amezoea kuandika maneno ya wengine, si kuhutubu. Kwa hiyo twaomba radhi mapema kwa wakubwa wetu, ikiwa lolote tutakalolisema litapita mpaka wa umri wetu.

Jambo lenyewe ni hili. Binti mmoja wa hapa kwetu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, amepewa nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani kwa sababu ya mbio. Hatutamtaja jina, ijapokuwa kila mtu humu ndani amjua; wengi wenu amewapita barabarani alfajiri mkipeleka maziwa. Chuo kitamlipia karo, chumba, chakula na vitabu. Hakitamlipia ndege, wala hakitamnunulia koti. Baba yake ameomba Chama kimsaidie shilingi 180,000, yaani nauli na nguo za baridi. Kamati imekaa mara mbili juu ya ombi hilo. Mara zote mbili kura zimelingana, naye Bwana Mwenyekiti akaona si vyema jambo zito kama hili liamuliwe kwa kura yake moja. Ndiyo maana limeletwa kwenu.

Waliokataa si watu wabaya, wala si wachoyo, na yafaa hoja zao zisemwe wazi. Mzee mmoja, ambaye busara yake imekiokoa Chama hiki mara nyingi, alisema kwamba mtu mwenye akili hukimbia kwa sababu mbili tu: ama anafukuza, ama anafukuzwa. Tulicheka sote. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Hapo hakucheka mtu, maana kila mmoja wetu alijua anakumbukwa nani. Nasi tutalifikia jambo hilo kabla hatujaketi.

Hoja ya pili ilimhusu binti mwenyewe. Alipoitwa mbele ya Kamati aliulizwa anakwenda kutafuta nini huko Marekani. Akajibu kwa adabu, lakini bila kuinamisha kichwa: "Nataka kukimbia, nataka kusomea uuguzi, na nataka kuona theluji." Jibu la kwanza na la pili yaliandikwa katika kumbukumbu za mkutano. La tatu lilileta manung'uniko. Mzee mwingine akamwambia, "Mwanangu, theluji ipo Mlima Kenya, na nauli ya kwenda kuitazama si shilingi 180,000."

Ni kweli, ipo. Hata hivyo sisi twaomba ruhusa tulitetee jibu hilo la tatu kuliko yote, kwa sababu twalijua lilikotoka.

Tulisoma katika shule ya bweni ya misheni, na huko tulikuwa wakimbiaji wa wastani. Katika mbio za nyika tuliwahi kumaliza wa tisa, tukawahi kumaliza wa kumi na mmoja, na mara moja tu tukamaliza wa nne, siku ambayo wenzetu watatu waliumwa na tumbo. Basi msidhani tunawatetea wakimbiaji kwa kuwa tulipata makombe. Hatukupata hata kijiko. Lakini hakuna aliyetuamsha kwa kengele saa kumi na moja alfajiri, tuliamka wenyewe. Tulitoka kwenye umande, watu sita au saba, tukapanda kilima cha kanisa na kushuka hadi mtoni, hakuna anayesema neno, ila pumzi zetu tu zikisikika. Jua lilipochomoza tulikuwa tumekwisha kuona vijiji vitatu. Mtoto aliyezoea kuona vijiji vitatu kabla ya uji hawezi kuaminishwa kwamba dunia inaishia kwenye ua wa shule.

Kisha kulikuwa na safari. Mwaka mmoja shule yetu ilichaguliwa kwenda kwenye mashindano ya shule huko pwani. Tulisafiri usiku kucha kwa basi, tumebanana kama kuni, na kulipopambazuka tulikuwa tunapita Tsavo. Hapo tukawaona ndovu wekundu. Mwenzetu mmoja alibisha akasema kwamba hakuna ndovu mwekundu duniani, mpaka mwalimu alipotueleza kuwa ni udongo wa huko wanaojipaka. Tulipofika Mombasa tulipelekwa baharini kabla hata ya kuonyeshwa mahali pa kulala. Yule yule mbishi aliteka maji kwa kiganja, akayaonja, akayatema, ndipo akaamini kwamba kitabu cha jiografia hakikusema uongo. Usiku tulilala sakafuni katika darasa la wenyeji wetu, na asubuhi tukapewa mahamri na mbaazi, chakula ambacho wengi wetu hatukuwa tumekiona.

Kesho yake tulishindwa vibaya. Sisi watu wa nyanda za juu tulidhani mbio zote ni zetu, lakini katika mbio fupi vijana wa pwani walituacha tukiitazama migongo yao. Mwalimu hakutukaripia. Alituuliza tu kama twamjua Seraphino Antao, mwana wa Mombasa, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth, Australia, mwaka wa 1962. Hatukumjua. Basi tulirudi nyumbani tumejifunza mambo mawili ambayo hayakuwamo katika ratiba ya masomo: kwamba nchi yetu ni kubwa kuliko lugha yetu, na kwamba aliyekushinda si adui yako, ni mwenyeji wako.

Tena mwalimu huyo alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: asiyemaliza kazi ya darasa hapandi basi. Wapo wenzetu ambao fimbo ilishindwa kuwafundisha hesabu, lakini hamu ya kupanda basi lile ikawafundisha. Kwa hiyo binti akisema anataka kuona theluji, sisi hatusikii upuuzi. Twasikia sauti ya mtoto aliyekaa dirishani kwenye basi alfajiri. Hamu hiyo ndiyo humtoa kitandani, na ndiyo itakayomkalisha kitako mbele ya vitabu vya uuguzi usiku, miguu ikimwuma.

Wazee wetu, huenda mkasema hayo ni mambo ya kizazi cha sasa. Hapana. Mwaka wa 1954, kabla nchi hii haijapata bendera yake, Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikwenda London wakashindana katika uwanja wa White City. Chepkwony alikimbia maili sita bila viatu mpaka mguu ukamkataza kuendelea. Nyandika akakimbia maili tatu, akawa wa tatu, na mwaka huo huo akawa wa nne katika michezo ya Vancouver, Kanada. Mwaka wa 1956 Kenya ilipeleka wanariadha wake wa kwanza kwenye Olimpiki, huko Melbourne, na Nyandika akamaliza wa saba katika mita 5,000.

Wala kuchangia safari za wanafunzi si jambo jipya. Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waendao vyuo vya Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake. Ndege hiyo ililipiwa na wafadhili wa huko, lakini fedha za matumizi na sehemu ya karo zilitafutwa na watu wa nyumbani. Waliandaa karamu za chai, wakapitisha bakuli, wakauza ng'ombe. Katika safari za mwaka wa 1960 alikuwamo binti mmoja aliyekwenda kusoma sayansi katika jimbo la Kansas. Huyo ndiye Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004. Tunadhani waliouza ng'ombe zamani zile walibezwa na majirani zao.

Haukupita muda mrefu, njia ya vitabu na njia ya mbio zikakutana. Mwaka wa 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, Kenya ilishinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Wakimbiaji walikuwa Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Ouko na Sang walikuwa wanafunzi katika chuo kimoja huko North Carolina. Katika michezo hiyo hiyo Mike Boit alipata medali ya shaba ya mita 800. Yeye alisoma New Mexico, akaendelea hadi shahada ya udaktari, kisha akarudi kufundisha, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka wa 1988 huko Seoul dhahabu mbili zilichukuliwa na wanafunzi: Paul Ereng, mwana wa Turkana aliyesoma Starehe na kisha Chuo Kikuu cha Virginia, alishinda mita 800; naye Peter Rono, aliyetoka shule ya St. Patrick's ya Iten akaenda chuo cha Mount St. Mary's katika jimbo la Maryland, alishinda mita 1,500. Ereng mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa mgeni katika mita 800, kwa kuwa mbio zake zilikuwa za mita 400. Baadaye akawa mwalimu wa wakimbiaji katika chuo kikuu huko Texas.

Na kwa wale wanaosema kwamba njia hii ni ya wanaume, twamtaja Sally Kipyego. Alisoma uuguzi katika chuo cha Texas Tech, akashinda mataji tisa ya vyuo vikuu vya Marekani, na mwaka wa 2012 akapata medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London. Binti yetu amechagua masomo yale yale, nasi hatudhani amebahatisha tu.

Sasa, ili tusidanganyane, yafaa tueleze ufadhili huo ukoje, kwa maana wengi hudhani ni zawadi. Si zawadi, ni mkataba. Mwanafunzi hufanya mazoezi asubuhi, huingia darasani, kisha hurudi mazoezini. Alama zake zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, haruhusiwi kushindana. Msimu wa vuli hukimbia mbio za nyika. Wakati wa baridi kali hukimbia ndani ya majumba. Masika hukimbia uwanjani. Ni misimu mitatu katika mwaka mmoja wa shule, na mwili ni ule ule mmoja. Tena ufadhili mwingi wa namna hii hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja na kutazamwa upya, ingawa vipo vyuo vinavyoahidi miaka yote. Barua ya binti yetu yasema mwaka mmoja mmoja. Tumeisoma mara tatu.

Hapo ndipo twalazimika kusimulia habari mbili za huzuni. Ya kwanza yajulikana na dunia nzima.

Henry Rono alikuwa mwana wa Nandi. Alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Washington State, kwenye mji mdogo wa Pullman. Mwaka wa 1978, akiwa bado mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Mwaka huo huo alipata dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton. Lakini hakukimbia kwenye Olimpiki hata mara moja. Mwaka wa 1976 Kenya ilijitoa Montreal pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand iliyozuru Afrika Kusini. Mwaka wa 1980 nchi yetu haikwenda Moscow. Hakuna aliyemshinda, milango ilifungwa tu na watu wasiokimbia. Baadaye pombe ikamshika, fedha zikaisha, na mtu ambaye picha yake ilikuwa katika magazeti ya mabara yote akafika mahali pa kulala katika nyumba za wasio na makao. Hatumsengenyi marehemu, kwani mwenyewe aliyaandika hayo katika kitabu cha maisha yake bila kujificha. Wala hakuishia hapo. Aliiacha pombe, akafundisha watoto huko Albuquerque, akarudi Kenya mwaka wa 2019, na akafariki Nairobi mwezi wa Februari 2024.

Twajiuliza: miguu ya Rono ilimkosea nini? Haikumkosea kitu. Alichokosa ni kile ambacho hakuna kocha awezaye kukitoa, yaani mtu wa kumwambia jioni, "Umelala wapi? Umekula nini? Njoo nyumbani kidogo."

Habari ya pili ni yetu wenyewe, nayo ndiyo aliyoikumbuka mzee wetu alipotaja ukingo.

Mnamkumbuka kijana aliyesoma pamoja nasi, yule mbishi aliyeonja maji ya bahari. Alikuwa mkimbiaji bora kuliko sote. Chama hiki kilimchangia nauli. Tulikunywa chai, tukapiga picha mbele ya jengo hili hili, na picha hiyo ilichapishwa katika taarifa ya mwaka ule. Mwaka wa kwanza alifanya vizuri. Mwaka wa pili akaumia mshipa wa kisigino. Mwaka wa tatu ufadhili wake haukuendelezwa. Katika muda huo wote simu zilizopigwa kutoka hapa kwenda kwake zilikuwa nyingi, lakini zote zilikuwa za kuomba: huyu karo, yule mahari, mwingine mabati. Hakuna aliyemwuliza habari ya mguu. Naye aliona aibu kusema kwamba mtu anayeombwa mabati hana hata chumba.

Ndipo akaiandikia Kamati barua kwa mkono. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Alieleza habari ya kisigino, akaomba Chama kimkopeshe nauli ya kurudi, naye atailipa kwa kazi yoyote atakayopewa.

Barua hiyo ilitufikia sisi. Tulikuwa karani mpya, hatujatimiza miezi mitatu kazini. Tuliisoma mbele ya Kamati. Wengine walisema ajieleze zaidi. Wengine walisema hakuna kifungu cha nauli ya kurudi katika sheria zetu. Tukaamriwa tumwandikie kumwomba maelezo. Hatukuandika. Kwanza tulikosa stempu, kisha tukakosa maneno, mwisho tukakosa uso. Barua ilikaa katika jalada miezi kumi na mmoja. Bwana Mwenyekiti, jalada hilo tumekuja nalo leo, lipo hapa mezani, na atakaye kuliona na alione.

Kijana alikaa huko miaka minne zaidi, akiosha vyombo usiku katika mikahawa, bila shule na bila mbio. Alirudi nyumbani kwa fedha zake mwenyewe, siku ya mvua, hakupokelewa na mtu. Watu wakasema, "Mnaona? Mbio za sakafuni!" Sisi tuliosikia maneno hayo tulinyamaza, tukijua ni nani aliyeiacha barua.

Twayasema haya kwa idhini yake. Tulimwendea nyumbani mwezi uliopita, tukamwomba msamaha, jambo tulilopaswa kulifanya miaka mingi nyuma. Hakusema ametusamehe, wala hakusema hakutusamehe. Aliuliza, "Barua ya binti mmeileta?" Tukampa. Akavaa miwani, akaisoma kifungu kwa kifungu, akatuonyesha kwa kidole panaposema mwaka mmoja mmoja, akatutuma tuulize: akiumia, nani atamlipia hospitali? Ufadhili ukikoma, ataruhusiwa kumaliza masomo kwa njia gani? Likizo ya baridi mabweni yakifungwa, atalala wapi? Tumeuliza, na majibu yamekuja. Matibabu ya majeraha ya michezo yatalipwa na chuo. Mabweni yatabaki wazi kwa wanafunzi wa nchi za nje. Juu ya ufadhili kukoma, jibu halikuwa la kuridhisha.

Tukamwuliza swali la mwisho: ikiwa yaliyompata yalimpata, binti aende au asiende? Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Aende. Mimi sikujuta kwenda. Nilijuta kukosa njia ya kurudi."

Wanachama wenzetu, maneno hayo ndiyo hotuba yetu; mengine yote ni utangulizi. Mzee wetu alisema kweli: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mbio zote zina ukingo. Kisigino hukatika, umri hupita, serikali hugombana, mkataba huisha. Lakini mtu akijua kwamba sakafu ina ukingo, dawa si kuwafunga watoto miguu. Dawa ni kuweka ngazi ukingoni. Vyuo vya ng'ambo vyaweza kumpa mtoto wetu uwanja, viatu na vitabu. Ngazi ni kazi ya nyumbani.

Kwa hiyo sisi, pamoja na nusu ya Kamati, twaleta mbele yenu maombi manne.

La kwanza, Chama kitoe hizo shilingi 180,000 kutoka mfuko wa elimu. Ziandikwe kuwa msaada, zisiwe deni la kumlemea.

La pili, Chama kifungue akaunti ya pembeni, na humo iwekwe nauli ya kurudi ya kila mwanafunzi tunayempeleka ng'ambo. Fedha hizo zisiguswe kwa sherehe, wala kwa jengo, wala kwa mkopo wa mtu yeyote, awe mkubwa namna gani. Mtoto akisema, "Nataka kurudi," apelekewe tiketi kwanza, na maelezo yaulizwe baadaye, hapa nyumbani, akiwa ameshiba.

La tatu, wachaguliwe watu wawili, mmoja wao awe mama, wa kuzungumza naye kila mwezi. Wamwulize habari ya afya, masomo na marafiki. Wasimwombe kitu. Na ninyi jamaa na majirani, twawasihi kwa heshima: kwa miaka minne msahauni kwamba yuko Marekani, mkumbuke tu kwamba yuko shule.

La nne, barua yoyote itakayotoka kwa mwanafunzi aliye mbali isomwe katika mkutano wa kwanza unaofuata, na ijibiwe kabla ya siku saba kwisha. Karani atakayeshindwa kufanya hivyo aondolewe kazini. Kifungu hiki tumekiandika kwa mkono wetu wenyewe.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Twakubali. Lakini yupo mtoto ambaye ngoma yake inapigwa mbali, na anayecheza ugenini atatunzwa na nani, ikiwa watu wa kwao wamegeuza uso? Tumtunze kabla hajaondoka, tumtunze akiwa huko, na tumtunze zaidi siku atakayorudi, akiwa na medali au akiwa na bakora ya kutembelea.

Neno la mwisho ni la kijana wetu. Tulipoaga, alitufuata hadi kwenye kizingiti akatukabidhi mfuko. Ndani yake mlikuwa na koti zito la baridi, lililochakaa kidogo mikononi. Alisema litamfaa binti ikiwa mama yake atalipunguza mabega. Kwa sababu hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba hesabu isahihishwe: tunachokiomba kutoka mfuko wa elimu si shilingi 180,000 tena, ni kiasi hicho kikitolewa bei ya koti.

Sasa mwaweza kupiga kura.